Sabuni Haikuua Viwavi, Waliondoka Wenyewe

Swali limenifikia tena kutoka Githongo: sabuni ya unga niweke kiasi gani kuua viwavijeshi kwenye mahindi? Anayeuliza huwa tayari na ushahidi. Jirani alinyunyiza kwenye moyo wa kila mmea, na siku tatu baadaye hakuona kiwavi hata mmoja.

Sawa, hakuwaona. Je, mizoga aliiona?

Kiwavijeshi vamizi, aliyeingia Kenya 2017, hukua kwa hatua sita. Ngozi ikimbana huivua, maana kichwa chake ni kigumu na hakitanuki. Akianguliwa hafiki milimita 2; akikomaa hupita 30. Mwanzoni anakwangua jani tu na kuacha vidirisha vyeupe, na mwenye shamba hupita bila habari. Hatua ya sita peke yake hula zaidi ya robo tatu ya majani yote anayoyala kiwavi huyu. Hapo ndipo watu hushtuka, na sabuni ikatafutwa.

Sasa hesabu siku. Kiwavi mnene unayemwona leo amebakiza siku chache tu aache kula, ashuke na kujichimbia sentimita chache udongoni, ageuke pupa. Ungemwagia sabuni, ungemwagia chai, ungemwimbia, angeshuka vilevile. Tena sabuni yenyewe haimfikii: amejikunyata ndani kabisa, na kinyesi chake kimeziba mlango kama maranda ya fundi seremala. Kinachoungua ni majani machanga. Baadaye pupa hutoa nondo (baridi ya huku kwetu juu humchelewesha tu), na jike mmoja aweza kutaga mayai zaidi ya 1,000. Jirani atasema viwavi wapya wametoka shamba la pili. Huenda wametoka kwake.

Cha kufanya: kagua mahindi mara mbili kwa wiki tangu yachipue. Mayai yaliyorundikana kwenye jani, yenye manyoya juu, yaponde kwa vidole. Ukiona vidirisha, piga dawa iliyosajiliwa, jioni, kwa kipimo cha kibandiko, iingie hadi kwenye moyo. Wakubwa watoe kwa mkono. Mmea wa desmodiamu katikati ya mistari na nyasi ya brakiaria pembeni husaidia, na ng'ombe hula zote mbili.

Ukienda kwa afisa wa kilimo, tafadhali mpelekee jani lenye vidirisha. Kiwavi wa ukubwa wa kidole yuko karibu kumaliza kula.