Pombe na Mtoto Aliye Tumboni



Malipo ya kahawa yanapotolewa huku kwetu Buhigwe, si ajabu mwanachama kumaliza siku hiyo kwenye pombe ya ndizi pamoja na mkewe. Iwapo mke huyo ni mjamzito, wanaokunywa ni watatu, si wawili. Makatibu wanaombwa kuwaeleza wanachama jambo hili.

Mama anapokunywa, kilevi huingia katika damu yake, hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Baada ya muda mfupi kilevi kilichomo katika damu ya mtoto hukaribia kiasi kile kile cha mama. Lakini ini la mtoto bado ni changa, haliwezi kukiondoa kama la mama.

Katika miezi mitatu ya mwanzo sura na viungo ndivyo vinavyoumbika. Ubongo, hata hivyo, hukua tangu mwanzo hadi mwisho wa mimba. Kwa hiyo hakuna mwezi ulio salama. Mtoto aweza kuzaliwa na uzito mdogo, kichwa kidogo na mdomo wa juu mwembamba. Wengi hawana alama yoyote usoni, bali wafikapo shuleni husahau upesi, hawatulii, na hesabu huwashinda. Huitwa wavivu na kuchapwa, ilhali kosa si lao. Madaktari wa Ufaransa waliandika habari hizi mwaka 1968, na wa Seattle, Marekani, mwaka 1973.

Wapo wasemao kuwa pombe ya ndizi ni chakula, si kali kama gongo. Kilevi ni kile kile. Kinachotofautiana ni kiasi tu. Hakuna kipimo kilichothibitishwa kuwa salama kwa mjamzito.

Hata hivyo tusiwahukumu akina mama. Si kila mtoto aliyedumaa ameathiriwa na pombe. Lishe duni na maradhi pia hudumaza. Tena wako waliokunywa kabla ya kujua kuwa wana mimba. Hao wakiacha leo wanamsaidia mtoto, maana ubongo wake ungali unakua. Aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafula peke yake. Aende zahanati apate msaada.

Dawa ya kuuponya ubongo ulioathirika hivyo haipo, lakini kinga ipo, wala hainunuliwi. Makatibu, isomeni habari hii katika mkutano mkuu, waume wakiwapo. Mara nyingi mume ndiye mnunuzi. Basi naye aiweke kata chini mpaka mtoto azaliwe.