Sykes: Ukoo Mmoja au Vijito Vingi?

Kamusi za majina ya Waingereza hazisiti kuhusu jina Sykes. Kaskazini mwa Uingereza, hasa Yorkshire, "sike" ni kijito chembamba au mtaro wa maji ya kinamasi, na mara nyingi mtaro huo ndio uliokuwa mpaka baina ya shamba na shamba. Aliyejenga kando yake akaitwa kwa mahali pake. Kwa kuwa vijito vya namna hiyo vimetapakaa kila bonde, wataalamu wa majina waliamua kwamba jina hili lazima lilizuka mara nyingi, kwa watu wasio na udugu wowote. Mantiki ya hoja hiyo inakubalika kirahisi, na hapo ndipo penye kasoro yake: inatuambia jina lingeweza kuzuka mara ngapi, haituambii nani aliacha uzao. Maswali hayo mawili yakitenganishwa, historia ya akina Sykes inasomeka vingine.

Jina la ukoo lenyewe si la kale sana. Baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066, walioanza kurithishana ubini ni wakubwa wenye ardhi. Kwa wakulima na mafundi jambo hilo lilichukua karne tatu hivi kukamilika. Kabla ya hapo mtu aliweza kuitwa kwa kijito chake, mwanawe akaitwa kwa jina la baba, na mjukuu kwa kazi aliyoifanya. Kilichoyagandisha majina kwa sehemu kubwa ni maandishi. Baraza la kabaila wa Wakefield, ambalo kumbukumbu zake zinaanzia mwaka 1274, lilitaka kujua nani amerithi kipande gani, na kijana aliyedai shamba la marehemu baba yake alikuwa na faida ya wazi kubeba jina lile lile lililokwisha kuandikwa. Kisha wakaja watoza kodi ya kichwa wa miaka ya 1377, 1379 na 1381. Majina ya ubatizo yalikuwa machache, akina John na William wamejaa kila kijiji, hivyo karani hakuwa na njia ila kuongeza jina la pili. Katika orodha za Yorkshire za wakati huo majina ya mahali mengi bado yametanguliwa na "del", yaani "wa pale", dalili kwamba mwandishi alikuwa bado anamwona mtu pamoja na mahali anapokaa.

Ushahidi uliovuruga hesabu za kamusi ulitoka maabara. Bryan Sykes, mtaalamu wa vinasaba wa Chuo Kikuu cha Oxford, aliulizwa kama ana undugu na Richard Sykes, mkuu wa kampuni ya dawa ya Glaxo. Akalinganisha kromosomu Y zao, ile inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana kama ubini wenyewe, zikafanana. Mwaka 2000 alichapisha pamoja na mwenzake utafiti wa wanaume 48 wenye jina hilo. Karibu nusu walikuwa na muundo mmoja wa kromosomu hiyo, na muundo huo haukuonekana kwa majirani zao wala kwa Waingereza wengine waliopimwa kwa ajili ya kulinganisha. Vijito vingi vingeleta miundo mingi. Hapa umetawala mmoja.

Atakayepinga atauliza habari za ile nusu nyingine. Jibu halihitaji kuwatuhumu mabibi wa Yorkshire kwa jumla. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alichukua jina la mama. Yatima alichukua la mlezi. Mkwe aliyerithi shamba la mkewe aliweza kuchukua la upande wa mke. Wakivuja watatu tu katika kila mia kwa kizazi, baada ya vizazi 23, yaani kama miaka 700, wanaobaki kwenye mstari wa babu wa kwanza ni chini kidogo ya nusu. Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami nalikubali. Babu mmoja aliyeacha uzao hathibitishi kwamba ni mmoja tu aliyeitwa hivyo. Tauni ya 1348 na 1349 ilifyeka familia nzima nzima, na hata pasipo tauni, mwenye mabinti watupu alikufa na jina lake. Huenda akina Sykes wa kwanza walikuwa kumi, na tisa kati yao wakakatika. Lakini pingamizi hili linaibomoa hoja ya kamusi kuliko linavyoubomoa utafiti: hata jina likizuka mara kumi, ukoo ulio hai waweza kuwa wa mmoja. Utafiti wa Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester, uliotolewa mwaka 2009 na kuhusisha majina 40, unaafiki. Wenye jina adimu kama Attenborough wanashabihiana mno, ilhali akina Smith hawatofautiani na watu wowote waliookotwa njiani.

Kipimo hiki kina mpaka, na msomaji wa Dar es Salaam anaufahamu bila maabara. Akina Sykes wa mji huo, ukoo wa Kleist, katibu mwanzilishi wa African Association mwaka 1929, na wa wanawe Abdulwahid na Ally waliokuwa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954, walilipata jina kwa Sykes Mbuwane, Mzulu kutoka Msumbiji aliyeletwa pwani na jeshi la Wajerumani la Hermann von Wissmann kupambana na Abushiri. Kwake Sykes lilikuwa jina lake binafsi. Kwa Kleist likawa la baba, na kwa wajukuu likawa la ukoo. Safari iliyowachukua wakulima wa Yorkshire karne tatu ilikamilika hapa kwa vizazi vitatu.