Lubumbashi: Sanduku la bati linaloikinga injini ya taksi na joto na vumbi

Katika garaji moja ya wazi huko Katuba, mjini Lubumbashi, shoferi wa taksi ameketi juu ya gurudumu kuukuu. Mbele yake, kapo ya gari lake iko wazi. Ni Toyota ndogo yenye usukani wa kulia, kama nyingine nyingi zinazoingia Haut-Katanga kwa mpaka wa Kasumbalesa. Malalamiko yake ni mafupi: ikifika saa nane mchana, akiwa amejaza abiria, gari halina tena nguvu ya kupanda. Kila jioni anapaswa kumpelekea mwenye gari pesa za siku. Siku ambayo gari linalala garaji, hakuna pesa za mwenye gari wala za chakula cha nyumbani.

Fundi hakuchukua muda mrefu kuona jambo la kwanza. Sanduku la filta ya hewa ambalo gari lilitoka nalo kiwandani halipo tena. Lilivunjika katika ajali. Shoferi aliyekuwa na gari hilo kabla yake alinunua filta ya mviringo, ile iliyo wazi pande zote, akaifunga kwenye bomba na kuendelea na kazi. Filta hiyo ilikaa karibu na rejeta, nyuma ya feni. Kwa hiyo injini ilikuwa inavuta hewa ile ile ambayo feni imekwisha kuipitisha kwenye maji ya moto.

Wengi hudhani injini hula esansi tu. Lakini chakula chake kikubwa ni hewa. Ili kuchoma vizuri kilo moja ya esansi, injini inahitaji karibu kilo 15 za hewa. Lita moja ya esansi inahitaji basi karibu kilo 11 za hewa, na kwa mwinuko wa Lubumbashi hiyo ni zaidi ya lita 10.000. Yote hiyo hupita ndani ya bomba moja dogo.

Hewa ya moto hutawanyika, ya baridi hushikana. Kama nje kuna nyuzi 30 na chini ya kapo kuna nyuzi 60, kila mvuto wa injini unaingiza hewa pungufu kwa karibu asilimia 9. Na mji wetu umejengwa juu, kwenye mita 1.200 hivi kutoka usawa wa bahari, ambapo hewa tayari ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ile ya Matadi au ya pwani. Gari la Lubumbashi linaanza siku likiwa na pumzi fupi. Ukiliongezea joto la Oktoba, linapumua kama mtu anayebeba mfuko wa makaa kwenye mlima.

Hata hivyo, fundi anawaonya wale wanaokuja garaji kwa sababu wameona video kwenye simu. Gari ambalo bado lina sanduku lake la kiwandani, likiwa zima, mara nyingi halihitaji kitu kingine. Watu wa kiwanda waliliwekea tayari mdomo unaovuta hewa ya nje, nyuma ya taa au kwenye bawa la mbele. Kulitoa ili kuweka filta ya wazi inayopiga kelele nzuri ni kubadilisha hewa ya baridi kwa ya moto. Na asiyetafuta mbio asitegemee muujiza: faida ya nguvu huonekana pale mguu unapokanyaga hadi mwisho, si katika foleni.

Kwa gari hili, sanduku la kiwandani lilitafutwa kwa wauza vipuri vya okazyo. Lililopatikana lilikuwa na nyufa, na bei yake haikuwa ya kuchekesha. Ndipo wakakubaliana kutengeneza lingine hapo hapo.

Kazi ilianza na kartoni. Fundi alikata vipande, akavisimamisha ndani ya nafasi iliyo kati ya betri, taa na bawa, akavipunguza kidogo kidogo, akafunga kapo na kuifungua tena ili kuona kama inagusa. Anasema ni heri kuharibu kartoni tano kuliko bati moja. Baada ya hapo michoro ilihamishiwa kwenye bati la aluminiamu lenye unene wa milimita moja na nusu, ambalo hukatika na kukunjika bila taabu na halili kutu. Shoferi alikuwa amependekeza kukata bidoni ya mafuta ya kupikia. Fundi alikataa: plastiki hiyo hulainika kwa joto, na bomba la moshi haliko mbali.

Kuta tatu na sakafu ziliunganishwa kwa riveti, kingo zote zikasuguliwa kwa tupa ili zisikate mikono wala waya. Filta iliachiwa nafasi ya vidole viwili au vitatu kila upande, kwani filta iliyobanwa na ukuta haivuti sawasawa. Sanduku halikufungwa kwenye injini, bali kwenye mwili wa gari, na chini ya kila skurubu kukawekwa kipande cha mpira. Injini hutikisika, sanduku likifungwa nayo kwa nguvu, bati hupasuka.

Ubishi ulikuja walipofika kwenye mdomo wa hewa. Shoferi alitaka uwe chini kabisa, nyuma ya bampa, mahali pa baridi kuliko pote. Fundi alimwomba akumbuke barabara zetu mwezi wa pili, wakati mifereji imejaa na magari yanaogelea. Mdomo ukimeza maji, maji hayo yanafika kwenye silinda. Hewa inakubali kubanwa, maji hayakubali. Pistoni ikikutana nayo, biele inapinda, na injini imekufa barabarani kwa sekunde moja. Ndiyo maana Land Cruiser nyingi zinazokwenda vijijini zina bomba linalopanda hadi kwenye paa.

Waliweka mdomo juu, nyuma ya taa, ukiangalia mbali na gurudumu. Ukubwa wake haukukisiwa. Bomba la gari lina upana wa sentimita 7, sawa na eneo la sentimita mraba 38 hivi. Mdomo ulikatwa sentimita 5 kwa 10, yaani 50, ili injini isivute hewa kwa shida.

Jambo ambalo fundi hakutaka kuligusa ni kipande cha bomba chenye sensa ya hewa. Sensa hiyo huiambia kompyuta ya gari ni hewa kiasi gani imeingia, nayo kompyuta hupima esansi kufuatana na jibu hilo. Ukibadilisha upana wa bomba hapo, hesabu yote inaharibika. Na upenyo mdogo baada ya sensa huingiza hewa ambayo haikuhesabiwa: gari linatetemeka likiwa limesimama na taa ya injini inawaka.

Juu ya kingo za sanduku kulipachikwa ukanda wa mpira uliokatwa kutoka ndani ya gurudumu lililotupwa na kwado wa jirani. Kapo ikifungwa, inaukandamiza na kuzuia joto. Fundi alifafanua tofauti moja ambayo wengi hawaijui. Upenyo kabla ya filta unaingiza joto tu. Upenyo baada ya filta unaingiza vumbi moja kwa moja ndani ya injini.

Na vumbi ndilo adui mkubwa hapa kwetu. Kuanzia Mei, mvua zikisha kukatika, udongo mwekundu hupanda juu ya barabara zisizo na lami na hautulii hadi mvua nyingine. Ndani yake mna punje ngumu zinazokwaruza silinda kama karatasi ya msasa. Filta ya karatasi isioshwe kwa esansi wala isipulizwe kwa kompresa yenye nguvu kwa karibu, maana inatoboka matundu yasiyoonekana kwa macho. Ikichoka, inabadilishwa.

Siku ya pili, mashine ya kupima iliunganishwa kwenye gari na safari ikafanywa wakati wa jua kali. Gari likiwa linatembea, hewa iliyoingia ilikuwa karibu sawa na ya nje. Shoferi alitabasamu. Lakini moshi wa bluu ulikuwa bado unatoka nyuma.

Fundi alipima mgandamizo wa silinda. Moja ilikuwa chini kuliko nyingine. Alitia humo mafuta kidogo ya injini, akapima tena, kipimo kikapanda. Hiyo ni dalili kwamba ringi zimelika. Filta ya wazi haikuwa imekazwa vizuri, na kwa miezi mingi injini ilikuwa imemeza vumbi. Sanduku jipya litazuia madhara yasiendelee, lakini halirudishi chuma kilichokwisha kulika.

Shoferi alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo halikuwa la ufundi: nani atalipa? Filta ile haikuwekwa na yeye, lakini gari sasa liko mikononi mwake. Fundi alimshauri asimfiche mwenye gari. Alimwandikia vipimo vya silinda zote nne kwenye kipande cha kartoni kilichobaki, akaongeza tarehe. Jioni hiyo shoferi alikwenda kwa mwenye gari akiwa na vitu viwili: pesa pungufu za siku, na kartoni ile.