Mradi wa Mwaka wa Mwisho Unapotoka Kabatini

Miradi mingi ya mwaka wa mwisho katika vyuo vya uhandisi huishia kabatini. Mwanafunzi hutafuta mada, msimamizi huipitisha, ripoti hutiwa jalada gumu, alama hutolewa. Kifaa chenyewe, kama kweli kilijengwa, hukaa stoo ya idara mpaka anayefuata anyofoe nyaya zake kwa ajili ya mradi mwingine. Wapo vijana waliomaliza miaka minne ya masomo bila kukutana hata mara moja na mtu mwenye shida waliyodai kuitatua. Hili linanisumbua kama mhandisi, kwa sababu si lazima liwe hivyo.

Tuangalie karakana ya Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, Marekani, iitwayo Oshman Engineering Design Kitchen. Ilifunguliwa mwaka 2009 katika jengo lililokuwa jiko kuu la chuo. Humo wanafunzi wa uhandisi wa mitambo, umeme, ujenzi, kemikali na tiba hufanya kazi chini ya paa moja. Kuna printa za 3D, mashine za kukata kwa leza, vyombo vya kupimia umeme, karakana ya mbao na ya chuma, na wanafunzi huingia usiku na mchana. Kila kundi hupewa meza yake.

Mgeni akitembelea mahali kama pale hukodolea macho mashine. Mimi ningeitazama meza. Kundi lenye meza yake huacha kazi ilipofikia na kuiendeleza kesho, bila kufungasha kila kitu jioni. Mwanafunzi wa umeme anayepita huona pampu ya wenzake inapiga kelele, akasimama, akauliza, akawaonyesha kosa la waya. Mafunzo ya namna hiyo hayapangiki kwenye ratiba, na huvunjika kabisa pale karakana inapofungwa saa kumi jioni fundi anapoondoka na ufunguo.

Karakana za aina hii zilizaliwa na upungufu uliojitokeza ndani ya elimu ya uhandisi ya Marekani yenyewe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakuu wa elimu hiyo waliona wahandisi wao wana sayansi kidogo mno. Ripoti ya mwaka 1955 iliyoongozwa na L. E. Grinter ilihimiza hisabati na fizikia zaidi, na vyuo vikafuata. Sayansi ikapanda, mikono ikasahauliwa: wakahitimu vijana wanaokokotoa vizuri lakini hawajawahi kubuni chombo kizima. Chuo cha Harvey Mudd, California, kilijibu mapema. Mwaka 1963 kilianzisha utaratibu wa kuwapa wanafunzi matatizo halisi yanayoletwa na kampuni. Leo ABET, chombo kinachothibitisha ubora wa shahada za uhandisi nchini humo, hudai kila programu iwe na kazi kubwa ya usanifu kabla ya kuhitimu, yenye kuzingatia viwango vya kitaalamu na mipaka halisi kama gharama na usalama.

Sasa tuje kwenye kazi iliyoipa karakana ya Houston sifa, maana ndani yake somo lote linaonekana.

Mapafu ya mtoto njiti mara nyingi hayajatengeneza vya kutosha kemikali inayozuia vifuko vya hewa visisinyae na kugandamana kila anapotoa pumzi. Mtoto huyo anahangaika kuvifungua upya kila anapovuta hewa, na baada ya saa kadhaa huchoka. Tiba iliyojulikana tangu zamani ni kumpelekea puani hewa yenye msukumo mdogo usiokatika, ili vifuko vibaki wazi. Namna rahisi ya kudhibiti msukumo huo ni maji. Hewa iliyochanganywa na oksijeni hupita kwenye mpira hadi puani, na ncha ya pili ya mpira huzamishwa ndani ya chupa ya maji. Ukiizamisha sentimita sita, msukumo unakuwa sawa na kina hicho cha maji. Ukizidi, hewa inatoka yenyewe kama mapovu. Muuguzi hupima kwa macho. Mapovu yakikoma, anajua kuna mahali hewa inavuja.

Kama maji yanatosha kudhibiti, tatizo lilikuwa wapi? Lilikuwa kwenye chanzo cha hewa. Hospitali za Marekani hupata hewa ya msukumo kutoka mabomba yaliyojengwa ukutani, na mashine zao ziliuzwa kwa takriban dola 6,000. Wodi nyingi za Afrika hazina mabomba hayo. Madaktari waliokuwa wakishirikiana na Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi, walilijua pengo hilo, na chini ya mpango wa afya wa Rice unaoongozwa na wahandisi Rebecca Richards-Kortum na Maria Oden, likawafikia wanafunzi kama mradi wa mwaka wa mwisho. Vijana hao waligeukia pampu za matangi ya samaki wa mapambo: ni rahisi, zinapatikana, na zimeundwa kufanya kazi mfululizo bila kupumzika. Kifaa chao cha kwanza kilikaa ndani ya kisanduku cha plastiki cha kuhifadhia viatu.

Kama wangekuwa katika utaratibu wa kabati, kisanduku kile kingepata alama nzuri na kuishia hapo. Kilichofuata ndicho kilichookoa maisha. Kifaa kilijaribiwa Blantyre, kikaboreshwa, na kampuni ya usanifu ya 3rd Stone Design ikapewa leseni ya kukitengeneza kwa jina la Pumani, kwa bei iliyo chini sana ya zile mashine za ukutani. Matokeo ya Blantyre yalichapishwa mwaka 2014: kati ya watoto wachanga 62 waliotibiwa kwa kifaa hicho, asilimia 71 walipona, na kati ya 25 waliopewa oksijeni peke yake puani, asilimia 44. Nieleze pia udhaifu wake: idadi ilikuwa ndogo, na watoto hawakugawanywa kwa bahati nasibu kama inavyotakiwa katika jaribio kamili.

Tena tusidhani kifaa peke yake ni dawa. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio lingine la tiba hii ya mapovu, safari hii kwa watoto wakubwa zaidi, wa mwezi mmoja hadi chini ya miaka mitano, wenye nimonia kali, katika hospitali ya wilaya ya Salima, Malawi, ambako hapakuwa na daktari wa kuwasimamia kila siku. Waliotibiwa kwa njia hiyo walikufa wengi zaidi, asilimia 17 dhidi ya 11. Mwanafunzi wa uhandisi anapaswa kuyasoma matokeo haya mawili kwa pamoja. Kanuni ileile ya fizikia inatoa matunda tofauti kutegemea umri wa mgonjwa, ugonjwa wake, na nani amesimama kando ya kitanda. Hayo hayapatikani kwenye kitabu cha nadharia ya mitambo. Unayapata wodini, kwa kumuuliza muuguzi wa zamu ya usiku.

Kwetu kazi imeanza. Mpango wa NEST360, uliozinduliwa mwaka 2019 kwa ajili ya huduma za watoto wachanga, ulianza kazi Tanzania, Kenya, Malawi na Nigeria, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ina studio ya usanifu inayoshirikiana na Rice. Ni mwanzo mzuri, ila ni mdogo tukiulinganisha na idadi ya wahandisi tunaowafundisha.

Najua jibu la wakuu wa idara: fedha hazipo. Printa za 3D na leza zina gharama, na umeme unaoruka huziua. Lakini vitu vilivyofanya kazi ya Houston ifike Blantyre vingi si vya dukani. Meza ya kudumu kwa kila kundi ni mbao na misumari. Karakana kukaa wazi hadi usiku ni suala la mlinzi na ratiba. Mwenye tatizo, awe muuguzi, fundi wa vifaa tiba wa hospitali ya mkoa au mkulima wa umwagiliaji, anaweza kualikwa kwa nauli tu, akakaa kwenye jopo la kupitisha mada na akarudi siku ya kutoa alama. Na mradi mzuri wa mwaka huu unaweza kurithishwa kundi la mwaka ujao, badala ya kila kijana kulazimishwa kuja na kichwa kipya.

Ninawaomba wakuu wa shule za uhandisi waanze na hilo la mwisho muhula huu, kwa kuchagua mradi mmoja ulioko stoo, kumtafuta mtu anayeuhitaji, na kuwapa wanafunzi wapya wauendeleze.