Kinoo Kilichobonyea Hakinoi Wembe

Siku ya saba ya mtoto inapowadia, wembe hupita juu ya utosi ulio laini bado. Wembe butu hushindiliwa kwa nguvu, na nguvu ndiyo ikatayo ngozi. Huuliza sana habari za makali. Za kinoo aghalabu hatuulizi.

Jiwe la kunolea huliwa zaidi katikati, ndipo mkono upitapo mno. Likishabonyea, wembe haulali sawasawa: sehemu moja ya makali huliwa, nyingine haiguswi.

Dawa yake ni nyepesi. Na tuchore juu ya jiwe mistari ya penseli iliyokingamana. Tuweke msasa wa maji, namba 220 au 400, juu ya kipande cha kioo kinene, tuulowanishe, kisha tusugue jiwe taratibu. Mistari ikibaki katikati, bonde lingalipo. Ikifutika yote, jiwe limesawazika. Tulisuuze vyema, kwani chembe moja ya msasa yatosha kuharibu makali, kisha tulikaushe kivulini.

Wala tusisuguanishe mawe mawili tukatosheka: moja laweza kuwa bonde na la pili kilima, yakaoana kama chungu na kifuniko, nayo yote mawili yamepotoka.