Kabla Utume Utafiti Wako Kwa Jarida Lolote, Cheki Hii Form Kwanza

Imeli yenyewe huanza hivi: "Mheshimiwa Profesa." Wewe hata Masta hujamaliza. Uko Kangemi kwa bedsita unangoja tokeni za stima ziingie, lakini kuna msee mahali anakuita Profesa. Anasema ameona kazi yako na imembamba sana. Anataka uchapishe utafiti wako kwa jarida lake la "kimataifa". Majibu ni siku tatu. Ada ni dola 150 tu.

Manze, tulia kwanza. Usiguse hiyo linki.

Hii stori naijua kwa sababu ilipata beshte yangu, na mimi nilikuwa hapo nikimshangilia. Kampo mimi niliachia mwaka wa pili, lakini kuandika ndio kazi yangu, kwa hivyo aliniletea karatasi yake nimnyooshee Kiingereza. Jamaa alikuwa amezunguka Kawangware miezi minne akichukua sampuli za maji yenye watu hununua kwa madumu, anapeleka maabara, anahesabu vijidudu. Kazi safi. Chuo kilikuwa kimemwambia bila karatasi moja kwa jarida, joho asahau. Hiyo imeli ilipoingia, mimi ndio nilimwambia, "Buda, lipa umalize." Akalipa karibu thao ishirini, doh ya kukopa. Siku nne baadaye karatasi ilikuwa hewani. Hakuna mtu alikuwa ameguswa na hata koma moja. Makosa yangu ya tahajia yote yalikuwa pale pale, yamekaa tu.

Idara yake ikaikataa. Akajaribu kuipeleka kwa jarida la ukweli, wakamwambia hawachukui kazi yenye imeshachapishwa kwingine. Akaomba wale wa kwanza waitoe, wakaitisha pesa zingine za kuitoa. Joho alivaa baada ya mwaka mzima, na karatasi tofauti kabisa. Yale maji ya Kawangware? Bado yako kwa ile saiti, mahali hakuna daktari wala msee wa kaunti ataenda kuyatafuta.

Hiyo ndio huniuma kuliko zile pesa. So leo tunachanuana.

Kwani ni lazima uchapishe?

Kama uko Masta ama PhD hapa Kenya, mara nyingi jibu ni ndio. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, yenye wengi wanaijua kama CUE, iliweka viwango mwaka wa 2014: Masta karatasi moja, PhD karatasi mbili, kwa majarida yenye hukaguliwa na wataalamu. Malekchara nao hupanda cheo kwa pointi, na karatasi ni pointi. Sasa jiulize: kuna watu wangapi hii Nairobi wako na tarehe ya mwisho, wako na presha ya nyumbani, na hawajawahi fundishwa kuchagua jarida? Penye kuna haraka na pesa, mjanja hakosi kuweka kibanda.

Jarida la ukweli hufanya kazi gani?

Ukituma karatasi, mhariri anaisoma kwanza. Kama inafaa, anaipeleka kwa wataalamu wawili ama watatu wa fani yako. Hawa sio mabeshte zako, na mara nyingi hata hawalipwi. Wanauliza maswali magumu: sampuli ulichukua wapi, mbona hii hesabu haishikani, mbona hujataja utafiti wa fulani? Unarudishiwa, unarekebisha, unatuma tena. Mwishowe inakubaliwa ama inatupwa. Hii safari huchukua wiki kadhaa, mara nyingi miezi.

Wengi huona hiyo foleni kama usumbufu. Lakini hiyo foleni ndio unaendea huko. Kuweka PDF mtandaoni unaweza fanya bure na simu yako ukiwa ndani ya mat. Kile huwezi jifanyia ni mtu anayejua hiyo kazi kukuliko akukague. Jarida likikuruka hiyo hatua, umelipia karatasi tupu.

Msee wa "Wassee" alivyofunga macho ya majarida

Hii itakuchekesha. Mwaka wa 2013, mwanahabari John Bohannon alitunga utafiti feki kuhusu dawa ya saratani. Ndani aliweka makosa ya wazi, yenye mkaguzi yeyote anayejua kazi angeyaona. Akajitungia majina ya wanasayansi wa Kiafrika na taasisi zenye hazipo. Moja ilikuwa ya Asmara, Eritrea, na aliipatia jina Wassee Institute of Medicine. Ndio, Wassee. Hata sisi hatungetunga vizuri hivyo.

Akatuma matoleo ya hiyo karatasi kwa majarida 304. Majarida 157 yakaikubali. Stori yote ikatoka kwa jarida la Science mwezi wa kumi mwaka huo.

Lakini hapa ndio penye somo liko. PLOS ONE, jarida lenye hulipisha waandishi, na sio pesa kidogo, lilikuwa kati ya yale yaliikataa. Waliuliza mambo ya maadili ya utafiti, kisha wakaitupa. Kwa hivyo ile kanuni ya mtaani kwamba "jarida likikuitisha pesa ni la wakora" haishikani. Kuna majarida safi yenye hulipisha, na kuna feki yenye huanza na bure halafu ankara inakuja baadaye. Swali la kuuliza ni kama kuna mtu atasoma kazi yako kabla waseme ndio.

Hiyo ya ankara kuja baadaye sio hadithi. Marekani, tume yao ya biashara ilishtaki kampuni ya OMICS ya Hyderabad, India, mwaka wa 2016, na 2019 jaji akaiamuru ilipe zaidi ya dola milioni 50. Kati ya makosa yenyewe: kuficha ada hadi mtu ashatuma kazi, na kudanganya kuhusu ukaguzi.

Sasa form ya kuchagua ni hii

1. Anza na marejeo yako mwenyewe. Fungua tasnifu yako, cheki majarida yenye umeyanukuu mara nyingi. Hao ndio watu wanaongea mambo yako tayari. Jiulize nani anafaa kusoma hii kitu. Kama ni maji ya Kawangware, msomaji wako ni mtu wa afya ya umma Nairobi, Kampala ama Dar. Jarida la "sayansi, biashara, dini na uhandisi" yote pamoja halina msomaji wako.

2. Soma karatasi mbili zenye wametoa. Sio vichwa tu, soma. Kama zimejaa makosa hata wewe unayaona, hakuna mkaguzi hapo.

3. Tafuta wahariri. Chukua majina mawili ya bodi, uende kwa saiti za vyuo vyao. Kuna watu huwekwa kwa hizo bodi bila kujua. Mwandikie mmoja imeli, muulize kama ni kweli yumo.

4. Namba ya ISSN isikupumbaze. Ni kama IMEI ya simu. Ukinunua simu Luthuli, ukibonyeza *#06# namba itatokea, lakini haikuambii kama betri itamaliza siku. ISSN inatambulisha chapisho, basi. Haisemi kama ni zuri.

5. Usiamini nembo, nenda kwa orodha yenyewe. Jarida likisema liko Scopus ama DOAJ, fungua saiti ya Scopus ama DOAJ ulitafute huko. Na uangalie anwani ya saiti iwe ile ile, kwa sababu kuna wakora huiga jarida halali mpaka jina. DOAJ ni saraka ya majarida yenye kila mtu anaweza soma bure, ilianza 2003 Uswidi. Nayo ilikuwa na majarida kadhaa yaliyonaswa na mtego wa Bohannon, na ikabidi iyaambie majarida yote yaombe nafasi upya. So tumia orodha, lakini pia tumia macho yako.

6. Cheki ada kabla ya kutuma. Iwe imeandikwa wazi: kiasi gani, unalipa lini, na ukitoa kazi yako itakuwaje. Ukiambiwa utume kwa namba ya simu ya mtu binafsi, toroka. Majarida mengi makubwa hupunguza ama kufuta ada kwa waandishi wa nchi kama zetu, lakini lazima uombe mapema, sio ankara ikishafika.

7. Cheki kama wanauliza maadili. Ulipohoji watu ulihitaji idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, wale wako Upper Kabete, kando ya Waiyaki Way. Jarida la ukweli litataka kujua. Lile halijali ulipata wapi data za watu, halijali pia kama ulizitunga.

8. Jarida moja kwa wakati. Usitume karatasi moja kwa majarida matano ukingoja nani atajibu. Ukishikwa, jina lako linaharibika kabla hata ya kuanza.

Na usidharau ya nyumbani

Kuna hii dhana kwamba jarida poa lazima liwe na anwani ya London. Hapana. AJFAND, jarida la Afrika la chakula, kilimo na lishe, lilianzishwa 2001 na Profesa Ruth Oniang'o, hapa hapa Nairobi. Mwaka wa 2017 huyo mama alishinda Tuzo ya Chakula ya Afrika. Chama cha Madaktari Kenya kiko na East African Medical Journal, lenye mizizi yake iko miaka ya 1920. Pale Loresho, KALRO hutoa jarida la kilimo na misitu la Afrika Mashariki. Ukitaka kuona mengi ya bara hili pamoja, ingia African Journals Online, AJOL, yenye iko tangu 1998. Hapo pia tumia ile form ya juu, jarida kwa jarida.

Kama ushapigwa tayari

Usiongeze pesa ya "kutoa" karatasi bila kuongea na mtu. Mwambie supavaiza wako ukweli wote, hata kama ni aibu. Cheki kama kwa tasnifu yako kuna sehemu haikutumika kwa ile karatasi. Hiyo inaweza kuzaa karatasi mpya. Ndio njia beshte yangu alitumia.

Na kama bado, fanya kitu kimoja wiki hii: uliza idara yako majarida gani wanakubali, na uitishe jibu kwa maandishi. Anza kutuma mapema, sio mwezi mmoja kabla ya mahafali, kwa sababu haraka yako ndio mtaji wa hawa watu. Ukikataliwa na jarida la ukweli, utauma, lakini mara nyingi utarudi na maoni ya kurekebisha kazi. Kukubaliwa na lile feki hurudi na nini? Risiti.

Uko na beshte ako karibu kulipa? Mtumie hii kabla aingize PIN. Mimi yangu nilichelewa.