Kabla ya kununua kopo la kwanza la maziwa ya mtoto, piga hesabu ya miezi sita

Bibi mmoja wa Ijumbi, wilayani Muleba, alifika kliniki asubuhi akiwa amembeba mjukuu wake wa wiki tatu. Mama wa mtoto alifariki siku ya pili baada ya kujifungua kwa kutokwa damu nyingi. Mtoto alizaliwa na kilo 2.9. Nilipompima alikuwa na kilo 2.4. Ngozi ya mapaja ilikuwa imelegea, na hakuwa na nguvu hata ya kulia.

Nilimuuliza bibi anamlisha nini. Akafungua kikapu akatoa kopo la maziwa ya gramu 400, zuri, lenye kijiko chake ndani na tarehe iliyokuwa haijapita. Lilikuwa limebaki robo.

“Shikamoo tena bibi,” nilimwambia, “kopo hili umeanza kulitumia lini?”

“Tangu tulipomzika mama yake, mwanangu. Nalibana lisiishe. Kahawa bado haijauzwa.”

Pale panaposema vijiko vitatu, yeye alikuwa akiweka kimoja. Kopo alilouziwa lilikuwa sahihi na maji aliyachemsha vizuri. Lakini hakuna aliyekaa naye kumweleza kwamba kopo la ukubwa ule, kwa mtoto mchanga wa kilo tatu, ni la wiki moja tu. Mtoto alikuwa akishiba maji.

Nimeandika makala ya leo kwa ajili ya bibi huyo na wazazi wengine wanaoniuliza kila wiki, “Daktari, ninunue maziwa gani?”

Kwanza, je, kunyonyesha kumeshindikana kweli?

Akina mama wengi wanaoniambia hawana maziwa, wanayo. Siku mbili tatu za mwanzo hutoka maziwa ya njano, machache na mazito, nayo yanamtosha mtoto ambaye tumbo lake bado ni dogo sana. Upasuaji, matiti madogo, homa au malaria havizuii kunyonyesha. Mama mwenye homa ya ini aina ya B ananyonyesha, mradi mtoto apate chanjo.

Kuhusu VVU, nasema kwa uwazi kwa sababu mkoa wetu wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogunduliwa mwaka 1983, na hofu ya wakati ule bado ipo. Zamani mama mwenye VVU aliogopa titi lake mwenyewe. Leo, mama anayemeza dawa zake kila siku bila kuruka anashauriwa kunyonyesha, maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, huku mtoto akipewa dawa ya kinga na kupimwa kama kliniki inavyoelekeza. Dawa hizo hupunguza sana hatari ya maambukizi.

Botswana walijaribu njia nyingine. Serikali iliwapa akina mama wenye VVU maziwa ya kopo bure. Mwanzoni mwa mwaka 2006, baada ya mvua kubwa, kulitokea mlipuko wa kuharisha, na mamia ya watoto walikufa. Wengi wa waliolazwa walikuwa hawanyonyeshwi. Maziwa yalikuwepo, lakini kinga ya titi haikuwepo.

Hata hivyo, zipo hali ambazo titi halipatikani: mama amefariki, mahututi, anatibiwa saratani kwa dawa kali, au mtoto amezaliwa na tatizo la nadra la kushindwa kutumia sukari ya maziwa. Katika hali hizo usijilaumu. Maziwa ya kopo yakitengenezwa vizuri yanamkuza mtoto.

Kabla ya kopo, angalia nyumbani

Je, yupo mama mdogo, shangazi au bibi ambaye bado ana umri wa kunyonyesha? Mwanamke anayenyonyesha mwanawe anaweza kunyonyesha na mtoto wa ndugu. Hata aliyeacha miezi kadhaa iliyopita anaweza kurudisha maziwa kwa kumweka mtoto titini mara nyingi usiku na mchana. Sharti ni moja: apimwe VVU kwanza, na aendelee kupimwa kwa muda anaonyonyesha. Jirani zetu wa Nairobi wamekwenda mbele zaidi. Hospitali ya Uzazi ya Pumwani ilifungua benki ya maziwa ya mama mwaka 2019, maziwa yanayotolewa na wanawake waliopimwa na kuuawa vijidudu kwa joto.

Kopo lipi?

Sitataja jina la kampuni. Tangu mwaka 1981 ipo Kanuni ya Kimataifa inayozuia kuyapigia debe maziwa haya, na nchi yetu ina kanuni zake. Mhudumu wa afya anayekusukumia chapa moja, mwulize kwa nini.

Ukweli ni kwamba maziwa yote ya mtoto mchanga yanayokidhi viwango yanatakiwa kuwa na virutubisho vya msingi vilevile. Bei kubwa haimaanishi mtoto atakua haraka. Angalia haya:

• Kopo liandikwe kuwa ni la mtoto tangu kuzaliwa, mara nyingi “namba 1”. Namba 2 na 3 ni za watoto wakubwa.

• Yawe yametokana na maziwa ya ng’ombe na yameongezwa madini ya chuma. Ya soya au yaliyotengenezwa maalumu ni kwa maelekezo ya daktari. Mtoto njiti naye ana yake, usimchagulie mwenyewe.

• Kopo lisiwe limebonyea, limefunguliwa au kupita muda. Usinunue unga uliopimwa kwenye mifuko ya nailoni.

• Chagua aina ambayo duka la karibu nawe halikosi.

Maziwa ya unga ya kuweka kwenye chai si ya mtoto mchanga, hata kama picha ya kopo inapendeza. Maziwa ya ng’ombe au mbuzi nayo, kabla ya miezi sita, hapana. Najua bibi zetu waliyachanganya na maji na sukari, na wapo waliokua. Lakini maziwa hayo yana protini na chumvi nyingi kwa figo changa, chuma ni kidogo, na yanaweza kuutoa damu utumbo wa mtoto taratibu bila wewe kuona. Uji, maji ya ndizi na dawa za mitishamba pia visubiri.

Hesabu ya kukaa nayo chini

Siku ya kwanza mtoto anahitaji takriban mililita 60 kwa kila kilo ya uzito wake. Huongezwa 20 kila siku hadi kufika 150 kwa kilo. Kwa hiyo:

• Kilo 3: mililita 450 kwa siku, milo 8 ya takriban 55 hadi 60.

• Kilo 4: mililita 600, milo 7 ya takriban 85.

• Kilo 5: mililita 750, milo 6 ya takriban 125.

Kwa miezi sita mtoto atatumia karibu kilo 20 za unga, yaani makopo 50 ya gramu 400. Uliza bei ya kopo moja dukani, zidisha kwa 50, ongeza mkaa au kuni. Jumla hiyo iwekwe mbele ya ukoo mzima siku ya kwanza, wakati watu bado wamekusanyika msibani, si siku kopo linapoisha. Wakigawana, kila nyumba itajua zamu yake.

Kutengeneza na kulisha

Unga wa maziwa hauna hakikisho la kutokuwa na vijidudu, ndiyo maana maji yawe ya moto.

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha kikombe na kijiko, kisha vichemshe.

2. Chemsha maji hadi yatokote. Yatumie kabla ya nusu saa kupita, yakiwa bado na joto la nyuzi 70 au zaidi. Kwa usiku, yahifadhi yakiwa yametoka kutokota kwenye chupa ya chai nzuri iliyojaa.

3. Weka maji kwanza, kisha unga, kwa kijiko cha kopo hilohilo, kilichosawazishwa. Makopo mengi ni kijiko kimoja kwa mililita 30, lakini si yote. Soma lako.

4. Poza kwa kuweka kikombe ndani ya bakuli la maji baridi. Dondoshea kifundo cha mkono kupima joto.

5. Kilichobaki baada ya saa mbili, mwaga. Inauma, najua. Tengeneza kidogo kidogo.

Tumia kikombe kidogo cha wazi badala ya chupa ya kunyonya. Chupa na nyonyo yake ni ngumu kusafisha. Mkalishe mtoto akiwa wima kiasi, gusisha kikombe kwenye mdomo wa chini, umwache alambe mwenyewe. Usimmiminie.

Lini ukimbie kituo cha afya

Mtoto akiharisha, akitapika kila kitu, akigoma kula, akipumua haraka, akiwa na homa au mwili wa baridi, akipata degedege, utosi ukibonyea, au akikojoa chini ya mara sita kwa siku, usisubiri kesho. Akiwa mzima, mpeleke kliniki apimwe. Afikie uzito wa kuzaliwa ifikapo wiki ya pili, kisha aongeze gramu 150 hadi 200 kila wiki. Chanjo asikose hata moja, kwa kuwa hana kinga ya titi.

Mjukuu wa yule bibi tulimlaza siku tisa. Mama yake mdogo, aliyekuwa akinyonyesha mtoto wa miezi tisa, alipimwa na akakubali kumnyonyesha usiku. Mchana bibi alimpa maziwa ya kopo, vijiko kamili. Wajomba waligawana makopo hadi kahawa ilipouzwa. Alipofikisha wiki kumi alikuwa na kilo 4.1.

Bibi aliniuliza swali moja ambalo bado ninalo: “Mbona siku ile ya kwanza hamkuniambia?” Wahudumu wenzangu, tumwambie. Nanyi wazazi, msipoambiwa, ulizeni: kopo hili litamtosha siku ngapi?